Nani kalipia jenereta? Kura, roki na ukijani wa kimataifa tukiutazama kutoka Kampala

Fundi wa Spika (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Uchaguzi wetu Uganda wa Januari 2026 umepita, mabango yanapauka kwenye nguzo za umeme, na humu ndani bado tunarushiana maneno ya nani kaiba na nani kaibiwa. Mimi siirudii hiyo. Tume ilishatangaza: Rais Museveni asilimia 71.65, Kyagulanyi, yule mwanamuziki Bobi Wine, 24.72. Intaneti ilizimwa tangu jioni ya Januari 13, kwa hiyo wengi tulikaa na redio mpaka matokeo yakasomwa. Kila mtu ana lake moyoni.

Ninalotaka kuleta ni mambo matatu ambayo watu wengi hawayaweki meza moja: kura, muziki wa roki, na hii habari ya vyama vya kijani na ushirikiano wa kimataifa wa mazingira. Kwangu yanakaa meza moja kwa sababu yote nayaona nikiwa nyuma ya jukwaa.

Kazi yangu ni kukodisha mitambo ya sauti. Spika, mixa, amplifaya, maikrofoni, jenereta na Fuso ya kuvibeba. Msimu wa kampeni ndiyo mavuno yetu. Ijumaa tunafunga vitambaa vya njano vya chama tawala, Jumapili vyekundu vya chama cha Kyagulanyi chenye alama ya mwavuli, na vijana wangu wanabeba fulana za rangi zote kwenye begi moja wasije wakapigwa njiani. Watu wakiwa uwanjani wanamwona mgombea na msanii. Mimi namwona jamaa mmoja aliyesimama karibu na jenereta, ana bahasha kwapani na simu mbili mkononi. Huyo ndiye anayesema mkutano uanze saa ngapi, wimbo gani upigwe, nani apewe maikrofoni na nani akatwe. Nimewahi kuambiwa nishushe sauti ya diwani katikati ya sentensi yake, naye akaendelea kurusha mikono bila kujua kwamba watu wa nyuma hawasikii kitu. Mwenye dizeli alikuwa amepigiwa simu.

Tangu hapo, nikisikia mtu anahubiri chochote, kitu cha kwanza nachotafuta kwa macho ni jenereta. Nani kailipia?

Siasa zetu na muziki zimeoana zamani. Mwaka 2010 Mzee mwenyewe, Museveni, aligeuka mwana-rapu, beti zake zikapigwa kila teksi kabla ya uchaguzi wa 2011. Mwaka 2015 wasanii wakubwa wa nchi hii walikusanywa wakarekodi "Tubonga Nawe", wimbo wa kumpigia debe Museveni, na mashabiki wao wengine hawajawasamehe hadi leo. Halafu Juni 2017 Bobi Wine akashinda uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki, na hesabu yote ikabadilika, kwa sababu huyu hakuja jukwaani kumpigia mtu debe. Alikuja na jukwaa lake. Serikali ililielewa hilo kabla ya wachambuzi: kufikia Pasaka ya 2019 polisi walikuwa wanazuia hata tamasha lake la Busabala. Huwezi kumzuia mtu kuimba kama huamini kwamba kuimba kuna nguvu.

Sasa roki. Mimi ni mtu wa roki, na Kampala ukisema hivyo unaulizwa kama wazazi wako wanajua. Tuko wachache. Tuna bendi kama Vale of Amonition zinazopiga metali nzito, tuna usiku mmoja mmoja kwenye baa ambako mpiga ngoma anakuja na sahani zake mwenyewe kwenye bodaboda. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kunipigia simu akasema nitafutie bendi ya roki kwa ajili ya mkutano. Hakuna kampuni ya bia inayotundika bango pale. Kwa hiyo wapigaji wanasema wanachotaka, na wanakwenda nyumbani mifuko mitupu. Uhuru wao umetokana na kutopendwa, na sijui kama nilitamani iwe hivyo au la.

Nitaleta habari ya kijani baadaye kidogo, kuna mteja anagonga geti.

Mwalimu wa Busia

Fundi, nimekusoma vizuri mpaka ulipofika kwenye roki. Kaka, huo ni muziki wa Wazungu wenye nywele ndefu. Sisi tuna ngoma zetu, tuna bendi kongwe kama Afrigo. Mnaiga mpaka kelele?

Fundi wa Spika (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo kwanza. Lakini hapo sikubali. Kabla ya hao wenye nywele ndefu kulikuwa na Sister Rosetta Tharpe, mama mweusi wa kanisani Marekani aliyekuwa anakwaruza gitaa la umeme miaka ya 1940, na Chuck Berry akafuata. Wazungu wa Uingereza waliiga kutoka kwao. Kama ni kuiga, tumeigwa.

Halafu toka hapo ulipo uvuke hadi Zambia. Miaka ya 1970 vijana wa migodini walianzisha roki yao, wakaiita Zamrock, bendi kama WITCH na Amanaz. Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige muziki wa nyumbani karibu wote, na vijana wakatii kwa njia yao: magitaa yenye mkwaruzo, maneno ya kwao. Baadaye bei ya shaba ikaanguka, pesa ikakauka, kisha maradhi yakaondoka na wengi wao. Unaona jenereta ilivyo? Shaba iliponunua dizeli, muziki ulilia. Ilipoisha, kimya.

Na kama unataka mizizi ya hapa hapa, sikiliza kadongo kamu. Mtu mmoja, gitaa moja, hadithi ndefu yenye kisu ndani. Hebu mpe marehemu Paul Kafeero gitaa la umeme na mpiga ngoma mwenye hasira, kisha uniambie umesikia nini. Afrigo nawaheshimu, wamepiga tangu 1975 na Moses Matovu bado anapuliza saksafoni. Nimeshawafungia spika. Hakuna bendi inayojua kusubiri malipo kama wale wazee.

Mgosi wa Tanga

Naomba niingie kidogo. Freddie Mercury alizaliwa Unguja 1946. Ndiyo hivyo tu, endeleeni.

Mwavuli

Mleta uzi nakuuliza kwa heshima: unawezaje kumweka Kyagulanyi fungu moja na wasanii wa bahasha? Huyu dereva wake aliuawa kwa risasi Arua, Agosti 2018. Novemba 2020 alipokamatwa Luuka watu wasiopungua 54 walikufa kwenye ghasia za siku mbili. Alifungiwa nyumbani kwake mara ngapi? Kofia nyekundu yenyewe waliigeuza vazi la jeshi ili ukiivaa ukamatwe. Hao wa 2015 walipoteza nini? Mashabiki wachache.

Fundi wa Spika (mleta uzi)

Mwavuli, soma tena nilichoandika: nimesema alikuja na jukwaa lake. Hilo ndilo linalomtenga na wengine. Damu ile hakuna anayeifanyia mzaha, nilikuwa mjini Novemba ile, najua ilivyokuwa.

Swali langu liko mbele zaidi. Mwanamuziki akishalipata jukwaa la serikali, wimbo unafanywaje? Sisi hapa hatujapata jibu, kwa hiyo inabidi tutazame kwa wenzetu, na hapo ndipo roki na ukijani zinapokutana.

Kuna bendi ya Australia inaitwa Midnight Oil. Mwimbaji wake, Peter Garrett, jitu refu lenye kipara linalocheza kama limeguswa na nyaya. Mwaka 1984 aligombea Seneti kwa chama kidogo kilichopinga silaha za nyuklia, akakosa kwa tundu la sindano. Akaongoza shirika kubwa la uhifadhi la nchi yake kwa miaka mingi. Mwaka 2000, Olimpiki za Sydney zikifungwa, bendi ilipanda ikiwa imevaa nguo nyeusi zilizoandikwa kote neno la kuwaomba radhi wenyeji wa asili, mbele ya waziri mkuu John Howard ambaye alikuwa amekataa kuomba radhi hiyo. Mimi ile video ndiyo iliyonifanya nipende roki, niseme ukweli.

Mwaka 2004 akaingia bungeni, kwa chama kikubwa cha Labor na si cha kijani. Mwaka 2007 akawa waziri wa mazingira. Na Julai 2009 waziri huyo huyo aliidhinisha mgodi mpya wa urani, Four Mile, Australia Kusini. Urani, wakuu! Mtu aliyegombea 1984 akipinga nyuklia.

Hakupewa bahasha. Ninachojua kuhusu majukwaa ni kwamba ukipanda la mwenzako unatumia mixa yake, na mixa ya baraza la mawaziri ina mtu wake wa kushusha sauti. Garrett mwenyewe alieleza wazi kwamba ukiwa ndani ya timu unafuata uamuzi wa timu. Namwelewa. Lakini ningependa Mwavuli uniambie: siku jamaa wetu akipewa wizara, au ikulu yenyewe, ni nani atakuwa ameshika ile mixa?

Mfano wa pili ni mama, na huyu namkubali zaidi. Claudia Roth wa Ujerumani. Miaka ya 1980 alikuwa meneja wa bendi ya roki ya mrengo wa kushoto, Ton Steine Scherben, bendi iliyopendwa na kila mtu na ikafa 1985 na madeni yake. Mwaka huo huo akaenda kuwa msemaji wa wabunge wa chama cha Kijani, chama kilichokuwa na miaka mitano tu tangu kuundwa. Akapanda hadi uenyekiti wa chama, makamu wa spika wa bunge, na kuanzia 2021 hadi 2025 akashika utamaduni serikalini. Kwangu mimi huyu aliingia siasa akiwa amejifunza lile somo ambalo waimbaji hawalijui: bendi inalipwaje. Meneja wa bendi iliyofilisika anajua bei ya kila kitu.

Tupeni mameneja kwenye siasa, waimbaji tunao wa kutosha.

Mwavuli

Hilo la mameneja limenichekesha lakini lina maana. Bado naona unamhukumu mtu kwa wizara ambayo hajapewa.

Mwana wa Bwaise

Mimi nasubiri hiyo sehemu ya kijani. Huku kwetu mvua ikinyesha nusu saa maji yanaingia ndani na kavera, hii mifuko ya plastiki, za mtaa mzima zinaelea juu yake. Kavera zilipigwa marufuku kwenye sheria ya bajeti ya 2009. Juzi nimenunua nyanya nne, kila mbili kavera yake.

Fundi wa Spika (mleta uzi)

Bwaise umeniwahi. Haya, kijani.

Dunia ina kitu kinaitwa Global Greens, muungano wa vyama vya kijani, uliopitisha mkataba wake Canberra mwaka 2001. Mazingira, haki, demokrasia ya watu wenyewe, kutotumia mabavu, mambo mazuri kabisa. Wenzao wa Afrika walikutana hapa hapa Kampala 2010 kuunda shirikisho lao. Ni wangapi humu mlijua kwamba vyama vya kijani vya Afrika vilikutana kwenye mji huu? Ndiyo hapo nilipokuwa naelekea.

Angalia majirani. Rwanda, Frank Habineza wa chama cha Kijani aligombea urais 2017 na tena 2024, mara zote mbili hakufika asilimia moja. Kenya, Wangari Maathai, mama wa miti, alipata ubunge wa Tetu 2002 kwa kura za kishindo, Nobeli ikaja 2004, na 2007 wapiga kura hao hao wakamwacha. Hapa kwetu ndiyo kabisa: tukisema kijani kwenye uchaguzi, mzee wa kijijini anafikiria DP, chama kikongwe chenye rangi ya kijani na alama ya jembe.

Sababu siyo kwamba watu hawajali. Aprili 2007 Kampala iliwaka kwa ajili ya msitu! Serikali ilitaka kuipa kampuni ya sukari hekta 7,100 za Mabira, robo ya msitu mzima. Watu wakatumiana ujumbe wa simu wasinunue sukari ile, wakaandamana, na wengine wakafa, akiwemo Mhindi asiye na hatia aliyeuawa na umati, jambo la aibu ambalo hatulisemi sana. Mpango ukarudishwa kabatini. Ukipita leo barabara ya Jinja, pale Najjembe penye kuku wa kuchoma na gonja, msitu uko kushoto na kulia kwako. Hakuna chama cha kijani kilichofanya lile. Hakukuwa na mfadhili. Jenereta ilikuwa ya watu wenyewe, kila mtu alilipia ujumbe wake kwa salio lake.

Linganisha na kazi ninazopata mimi kila mwaka za warsha za tabianchi. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi mpaka wazee wanavaa makoti, maikrofoni sita za mezani, projekta, bango lenye nembo nane chini yake. Siku mbili. Posho ya usafiri inasainiwa saa kumi, na saa kumi na robo ukumbi mtupu. Nje, jenereta langu limekunywa dizeli siku nzima ili watu wazungumzie hewa ukaa. Siwacheki, wanalipa vizuri kuliko wagombea, na wanalipa kwa wakati. (Kuna mgombea mmoja wa msimu uliopita bado ananidai subira mimi ninayemdai pesa. Alishindwa, simu yake haipatikani.) Lakini sijawahi kuona mtu wa Bwaise ndani ya ukumbi ule.

Wala kwenye mikutano ya kampeni niliyofungia spika msimu huu sikumsikia mtu akitaja Kiteezi. Dampo la jiji lilianguka Agosti 10, 2024 likafukia nyumba, zaidi ya watu 30 wakafa chini ya taka zetu sisi wote. Ilikuwa inajulikana miaka mingi kwamba limejaa. Mwaka mmoja na nusu baadaye tunapiga kura, na wagombea wa mji ule ule wanaahidi lami.

Binti wa Hoima

Naomba nizungumze kama mtu wa kule mafuta yalipo, maana mnaongea ya Kampala tu.

Bomba la mafuta linaanzia Kabaale kwetu, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, serikali yetu na ya Tanzania kila moja 15, Wachina wa CNOOC 8. Mafuta yetu ni mazito yanaganda kama samli, kwa hiyo bomba lote linapashwa moto njia nzima. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulaani, likataka kazi isimame mwaka mmoja wakatafute njia nyingine. Wabunge wetu wakaja juu, wanafunzi wakaandamana na mabango ya kuunga mkono bomba.

Mimi nilikasirika pande zote. Mwaka huo huo wa 2022, mwezi wa Machi, waziri wa uchumi wa Ujerumani, Robert Habeck, wa chama hicho hicho cha Kijani anachokisifia Fundi, alikwenda Qatar kutafuta gesi. Mei, kansela wao akaenda Senegali, gesi tena. Vita vya Ukraine vimewabana, sawa, naelewa, watu wasife kwa baridi. Lakini basi na sisi shida zetu zieleweke.

Na hapo hapo, mtu asiniambie kila anayelalamikia bomba ametumwa na Wazungu. Majirani zangu walihesabiwa migomba na mibuni, wakaambiwa wasipande tena mazao ya kudumu, kisha fidia ikachukua miaka kufika. Mibuni haisubiri, nyumba yenye ufa haisubiri. Huyo naye mkimwita kibaraka nitawashangaa.

Mgosi wa Tanga

Dada, huku Chongoleani vijana wamepata kazi za ulinzi, udereva, mama lishe wanapika. Bandari imeamka. Sisi tulikaa miaka na mikonge iliyokufa tukitazamana. Ukimwambia mtu wa Tanga asubiri nishati safi ya Ulaya atakuuliza hiyo inapikwa na nini.

Binti wa Hoima

Kaka Mgosi sijasema msifanye kazi. Nauliza zile kazi zitakuwepo mabomba yakishafukiwa?

Mgosi wa Tanga

Hapo sina jibu, dada yangu. Chimba kwanza.

Fundi wa Spika (mleta uzi)

Binti wa Hoima, asante, umenisogeza mahali nilipotaka kufika, tena umepita njia fupi.

Azimio la Bunge la Ulaya mimi naliona kama warsha ya hotelini, tofauti ni ukubwa wa ukumbi tu. Mwenye asilimia 62 ana makao yake makuu nje kidogo ya Paris, na Paris ni treni tu kutoka Brussels. Kama kelele zote zile zingepigiwa kule kwa mwenye bahasha badala ya kupigiwa Kampala, wabunge wetu wasingepata nafasi ya kujifunika bendera. Badala yake tuligeuzwa mwanafunzi mtukutu, na hakuna kitu kinachomsaidia mtawala wa Afrika kabla ya kampeni kama Mzungu anayemkaripia hadharani.

Lakini kuna ushirikiano mmoja ambao naukubali, na hauna hoteli. Ufaransa ilitunga sheria 2017 inayozitaka kampuni kubwa ziwajibike kwa madhara zinazoyafanya nje ya nchi. Mwaka 2019 mashirika ya Ufaransa na ya Uganda, AFIEGO na NAPE wakiwemo, yaliipeleka Total mahakamani huko huko Ufaransa. Februari 28, 2023 kesi ikatupwa kwa hoja za utaratibu. Wangekata tamaa, ingeeleweka. Juni mwaka huo huo raia 26 wa Uganda, pamoja na mashirika, wakafungua nyingine, safari hii wanadai fidia kwa majina yao. Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, kesi ya bomba ilitupwa Novemba 2023 kwa kuchelewa kufunguliwa, kwa hiyo usidhani nasema mahakama ni dawa. Nasema yule mkulima wa migomba amepanda jukwaa ambalo halilipiwi na chama chake wala na mfadhili wa kiyoyozi, kaenda mpaka uani kwa mwenye asilimia 62, na kule lazima wamsikilize kwa mkalimani, neno kwa neno.

Huo ndio ukijani wa kimataifa ninaoujua mimi. Wakili wa kule anaijua sheria ya kule, mkulima wa huku anaujua mgomba wake.

Nao wanalipa gharama. Agosti 2021 ofisi ya kusajili mashirika ilisimamisha mashirika 54 kwa mpigo, AFIEGO likiwemo. Mfuko wa DGF, uliokuwa unachangiwa na Ulaya kwa ajili ya mambo ya utawala bora, rais aliusimamisha mapema 2021 na mwisho wa 2022 ukafungwa kabisa. Nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda: kufungwa kwa DGF kuliumiza kazi nyingi nzuri, na pia kulionyesha kwamba asasi zetu nyingi zilikuwa zimechomeka plagi zote kwenye soketi moja.

Mwana wa Bwaise

Umemsahau Vanessa Nakate, binti yetu wa harakati za tabianchi. Alianza Januari 2019 kusimama barabarani Kampala na bango la karatasi. Hakuwa na jenereta hata la kukodi. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mkutano wa Davos, picha ya shirika la habari ikamkata, wakabaki wasichana weupe wanne. Alipoandika mtandaoni kwamba mmelifuta bara zima, na video yake ikasambaa, ndipo dunia ikamjua.

Fundi wa Spika (mleta uzi)

Sikumsahau, nilikuwa namweka mwisho, na umemsema vizuri kuliko nilivyopanga. Ile video yake, sauti inatetemeka, hajasoma karatasi. Mtu wa roki anaitambua sauti hiyo.

Mwalimu wa Busia

Nimesoma uzi wote, Fundi. Roki bado ni kelele. Ila nina swali la vitendo. Bendi ya Coldplay ya Uingereza walisema Juni 2024 kwamba wamepunguza uchafuzi wa ziara zao kwa asilimia 59 wakilinganisha na ziara ya 2016 na 2017. Betri za magari ya BMW, baiskeli za mashabiki na sakafu ya kuruka zinazozalisha umeme. Wewe unalalamika dizeli na huku ni yako. Umeme wetu Uganda karibu wote wa maji, bwawa la Karuma peke yake megawati 600. Mbona usichomeke ukutani?

Fundi wa Spika (mleta uzi)

Mwalimu hilo swali ningetamani wagombea waulizwe. Nichomeke ukuta gani? Mikutano inafanyika viwanja vya shule za msingi. Umeme ukiwepo ni wa fezi moja unaowasha balbu za ofisi ya mwalimu mkuu. Ukiwasha spika za besi, kijiji kizima kinapepesa macho. Kufunga laini ya muda ni maombi, ada na kusubiri, na mkutano umepangwa jana usiku. Karuma ipo, kilomita mbili za mwisho za waya ndizo hazipo. Zamani tuliilaumu kampuni ya Umeme, tangu Aprili 2025 ni UEDCL ya serikali, na mimi bado nabeba madumu.

Betri nimepigia hesabu. Kwa usiku wa roki baani inawezekana kabisa: magitaa, ngoma, maikrofoni tatu, spika mbili za juu na mbili za besi, saa tatu za kupiga. Amplifaya za kisasa za klasi D hazili moto kama zile za zamani. Betri za lithiamu mbili tatu na inverta nzuri zinatosha, mchana unazichaji kwa sola au kwa huo umeme wa Karuma usiku wa manane. Kampeni yenye Fuso na watu elfu tano, bado, labda nusu kwa nusu na jenereta.

Mbaya ni ukimya wenyewe. Nilijaribu kwenye baa moja Ntinda kwa betri za kuazima, na mwenye baa akaja mara mbili kuniuliza kama mitambo imezimika, kwa sababu hakusikia mngurumo nje.

Mwavuli

Bei ya inverta hiyo ikoje? Tuna kikundi cha vijana huku Kawempe, tulikuwa tunafikiria kununua jenereta la pamoja la sherehe na misiba.

Fundi wa Spika (mleta uzi)

Usinunue bado, wala usichukue ya bei poa ya mjini. Zinaandikwa kilowati tano na zinatoa mbili, besi ya kwanza inaizima. Nitumie ujumbe ndani nikupe vipimo vya mzigo wenu kwanza, spika ngapi na saa ngapi. Na kabla ya yote, kaeni kikao mwandike kwenye karatasi kila mtu katoa kiasi gani. Mwanasiasa akijitolea kuwamalizia kiasi kilichobaki, mkatalieni hata akiwa wa mwavuli.

Mwavuli

Hahaha. Hata akiwa wa mwavuli. Sawa mkuu, naja inboksi.